Mafuta ya pampu yakigeuka chai ya maziwa

Jumanne ya wiki iliyopita niko zangu ofisini nakunywa chai, dogo mmoja wa mwaka wa tatu akaja mbio, "Ticha, ile pampu iko freshi, mafuta hayajapungua hata kidogo, tena yameongezeka!" Kasimama mlangoni anasubiri nimpongeze. Chai niliiacha hapo hapo. Maana pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kutoka kwenye chombo, haizai mafuta jamani, ukiona kwenye kioo cha kuangalizia mafuta yamepanda ujue kuna kitu kingine kimeingia kikachanganyika nayo, na huyu dogo nilikuwa najua anakausha pareto.

Kwa wageni, mimi ni fundi sanifu maabara, niko chuo kimoja huku Mbeya ambacho sikitaji kwa sababu bado nautaka mshahara. Labu yetu ina pampu tatu za vakyumu, zote za mafuta, moja ya zamani sana ina fenibelti kama mashine ya kusaga, mbili ni hizi za kisasa mota na pampu vimeunganishwa. Vitabuni wanasema "ombwe", mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na moja sijawahi kusikia mtu anasema "nipe pampu ya ombwe", kwa hiyo nitaandika vakyumu.

Turudi kwa dogo. Huku kwetu pareto si kitu cha ajabu, ukipanda Umalila au ukielekea Njombe unakuta watu wameanika maua, na kiwanda kiko Mafinga, kwa hiyo kila mwaka lazima wanafunzi wawili watatu wachague pareto iwe mradi wao. Unasaga maua makavu, unaloweka kwenye heksini, kiyeyusho chepesi kama petroli, unachuja, halafu unatakiwa uitoe heksini bila kuunguza mali, maana pairethrini, zile dawa zenyewe za kuua wadudu zilizomo kwenye maua, zikipata joto kali zinaharibika. Hapo ndipo vakyumu inapoingia, ukishusha presha ile heksini ambayo kawaida inachemka nyuzi 69 inaanza kuchemka kwa joto la kiganja tu, unaona mapovu huku chupa hata haina moto. Raha sana kuangalia. Tatizo ni kwamba ule mvuke hauendi mbinguni, unaenda kwenye pampu.

Ndani ya pampu kuna rota iliyokaa pembeni kidogo ya katikati kwenye tundu la duara, na hiyo rota ina vibapa vinavyoteleza kutoka na kuingia vikikwangua ukuta, mafundi wanaviita veni. Mafuta ndiyo yanaziba kale kanafasi kati ya veni na ukuta, ndiyo yanalainisha, ndiyo yanapoza. Hewa inavutwa, inabanwa, inasukumwa nje kupitia vali ambayo imezama kwenye mafuta. Sasa hewa ukiibana inabaki kuwa hewa, ila mvuke ukiubana unageuka kimiminika. Chukua maji ya kawaida, pampu ikiwa na joto la nyuzi 70 mvuke wa maji hauwezi kuvumilia zaidi ya milibari 310 hivi (milibari ni kipimo cha presha), ikizidi hapo unakuwa matone, na ili utoke nje lazima ubanwe mpaka uzidi presha ya hewa ya nje ambayo hapa Mbeya ni kama milibari 830. Kwa hiyo kabla haujafika mlangoni umeshakuwa tone, na tone linaenda wapi, linabaki kwenye mafuta.

Mjerumani mmoja Wolfgang Gaede aliliona hili akaja na dawa yake mwaka 1935, ndiyo ile nobu ndogo juu ya pampu ambayo wanafunzi wangu wote wanadhani ni pambo. Inaitwa gesi balasti. Ukiifungua inaruhusu hewa kidogo ya nje iingie kwenye chumba pale pampu inapobana, kwa hiyo vali ya kutolea inafunguka mapema na mvuke unatolewa pamoja na ile hewa kabla haujawa maji. Utapoteza vakyumu kidogo, sawa, lakini mafuta yanabaki salama. Mimi naifungua nusu saa kabla ya kuvuta kitu chenye unyevu, mlango wa kuvutia nimeufunga, pampu inapata moto kwanza kwa sababu pampu ya moto inavumilia mvuke kuliko ya baridi, halafu nikimaliza kazi naiachia nusu saa nyingine ijisafishe. Nikisema nusu saa wanafunzi wanaguna, wanataka kuwahi daladala. Sawa, wahini.

Sasa dogo hakufungua balasti, hakuweka mtego wa baridi wa kukamata mvuke njiani, kaunganisha chupa ya heksini moja kwa moja kwenye pampu kwa masaa matatu. Nikafika nikaangalia kioo, kweli mafuta yako juu ya alama ya juu, rangi nzuri tu ya njano, ndiyo maana alifurahi. Nikafunga mpira wa kuvutia, nikaruhusu hewa iingie kwenye pampu, nikazima, nikafungua koki ya chini kidogo nikachukua matone kwenye kidole chenye glavu. Mafuta ya vakyumu ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kwa uzito, yanavutika. Haya yaliteleza kama maji ya sabuni, na harufu ya petroli ile unaijua. Kawaida kwa uchafu mdogo ningeiachia balasti iendeshe mpaka itoke, lakini yakishakuwa mepesi hivyo ukiendesha chuma kinasaga chuma, kwa hiyo tukamwaga yote, tukaweka mapya kidogo, tukaiendesha dakika chache ikiwa inavuta hewa, tukamwaga tena, halafu ndiyo tukajaza. Dogo kashika kopo mwenyewe, glavu za naitrili kavaa, maana hizi za mpira mwembamba heksini inapenya.

Mtego wa baridi nao niseme. Ni chupa tu unayoiweka katikati ya kazi yako na pampu, imezamishwa kwenye kitu cha baridi ili mvuke ugande humo usifike kwenye mafuta. Vitabu vya wenzetu vinasema weka barafu kavu na ethanoli upate nyuzi 78 chini ya sifuri, haya, barafu kavu Mbeya unaitoa wapi. Sisi tunatumia barafu ya friza iliyopondwa na chumvi ya kupikia, ukichanganya vizuri inashuka mpaka karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, inakamata maji vizuri tu lakini heksini inakamata nusu nusu, ndiyo maana nawaambia heksini nyingi itoeni kwanza kwenye rotavapu, ile mashine inayozungusha chupa na kukusanya mvuke pembeni, pampu ya mafuta mje nayo mwishoni kwa kile kidogo kilichobaki.

Kuna mwalimu mmoja alipata wazo, akasema bwana mifugo si ana nitrojeni ya kimiminika ya kutunzia mbegu za ng'ombe, tuombe lita mbili tutumie kwenye mtego. Wazo si baya, na wengine duniani ndivyo wanavyofanya, ila hapo ndipo pa kuogopa. Nitrojeni ya kimiminika iko nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni inageuka kimiminika kwenye 183. Maana yake ukiacha mfumo unavuja, pampu inavuta hewa ya kawaida kupitia ule mtego, oksijeni inajikusanya humo taratibu, kimiminika cha bluu bluu, juu ya mabaki ya heksini. Hiyo ni bomu. Hata ukishtuka ukafunga kila kitu bado ni bomu, maana ikipata joto inachemka ndani ya chupa iliyofungwa. Nikamwambia mwalimu kwa heshima zote, kwa mipira yetu hii iliyochoka, barafu na chumvi inatutosha.

Hilo la mafuta kuongezeka ni dalili moja. Kioo kina dalili nyingi na mimi nimejifunza kukisoma kwa pampu ile ya fenibelti. Nilipoajiriwa niliikuta stoo ina karatasi imeandikwa IMEKUFA. Fundi wa mjini alishaletwa akasema mota imeungua inatakiwa kusukwa upya, akataja bei, chuo kikanyamaza, ikawa imekaa miaka miwili. Nikaizungusha puli kwa mkono, ngumu lakini inazunguka, nikasema hii haijaungua. Nikafungua koki ya mafuta. Kikatoka kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa, sitanii, ile ya mgahawani ya asubuhi, hadi na utando juu. Ni maji yaliyopigwa pigwa humo na mafuta mpaka yakashikana, walikuwa wanakaushia majani humo mabichi kabisa bila mtego. Na chini kabisa mafuta meusi kama lami. Nikaja kugundua kuna mtu aliongezea oili ya injini kwa sababu mafuta ni mafuta si ndiyo. Oili ya gari ina dawa ndani zinazotoa mvuke wake zenyewe, kwa hiyo pampu inavuta mvuke wa oili yake yenyewe milele haifiki popote, na zile dawa za kusafishia injini zinashikilia maji yasijitenge. Nilisuuza mara nne. Mara nne! Nikabadilisha sili ya shafti na kapasita ya mota, nikarudisha kava la fenibelti ambalo lilikuwa limetupwa nyuma ya kabati, maana ile belti ikikamata mkono wa koti au kamba ya kitambulisho haikuulizi, na imepiga kazi mpaka leo. Sauti yake ikifika vakyumu ya juu inagonga tak tak tak, wageni wanaogopa, mimi ndiyo naipenda hiyo, ni mafuta yanajigonga kwenye vali kwa sababu hakuna hewa ya kupunguza kishindo, ikianza kuguguna kama mtu anasukutua koo ndiyo najua kuna mahali panavuja.

Mafuta sahihi tunapata wapi, watu wananiuliza sana. Wauza vifaa vya friji Kabwe na Mwanjelwa wanauza mafuta ya pampu ya vakyumu kwa mafundi friji, ni mafuta ya vakyumu kweli, ila soma uzito ulioandikwa kwenye kopo ulinganishe na kitabu cha pampu yako, za labu nyingi zinataka mazito kidogo kuliko zile za mafundi friji. Na ukimwaga, mwaga ya moto, endesha dakika kumi na tano ndiyo ufungue, uchafu unatoka nayo badala ya kubaki umelala chini. Angalia tu usiungue, kuna siku pampu inafika nyuzi 70 na zaidi.

Sasa kuna hili la geji ambalo linanichekesha kila mwaka. Alikuja mtaalamu kutoka Dar kufunga oveni ya vakyumu, kaunganisha kila kitu, kawasha, mshale wa geji ukashuka ukasimama kwenye inchi 24 na kidogo za zebaki. Kwao Dar unafika karibu na 30. Akakaza klipu zote, akabadilisha oringi ya mlango, akapaka grisi, mshale uko pale pale. Mpaka jioni. Mzee wetu wa stoo akamletea kiti. Nikamwambia kaka, hapa uko mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ya hapa ni nyembamba, na hii geji ya mshale inapima tofauti kati ya ndani na nje, hata ukivuta hewa yote ndani ikaisha kabisa haiwezi kusoma zaidi ya hapo. Akaniangalia. Tukafunga geji ya umeme inayopima presha halisi ya ndani, ikasoma vizuri kabisa, kumbe kifaa kizima. Iringa mjini nako ni hivyo hivyo, mtazidi kidogo tu. Kwa hiyo usikubali kuuziwa pampu mpya kwa sababu ya mshale.

Lakini hewa nyembamba isikudanganye ukadharau vyombo vya kioo. Kifuniko cha desiketa, ule mtungi wa kioo wa kukaushia sampuli, cha upana wa sentimita 25, hapa hapa Mbeya, kikishavutwa kinabeba zaidi ya kilo 400 za hewa. Magunia manne ya mahindi yamekaa juu ya kioo. Ndiyo maana chupa nyembamba ya koni haivutwi kamwe, tumia ile nene ya kuchujia yenye mkono pembeni, ishike juu kwenye mwanga uzungushe taratibu uangalie kama kuna ufa wa nyota, hata mkwaruzo tu tupa, na desiketa zetu zote nimezizungushia selotepu ile pana, ikipasuka vipande visiruke. Miwani huvai unatoka nje, hilo sibishani na mtu, hata awe profesa.

Umeme sasa. Mwezi wa kwanza mwaka juzi, mvua kubwa, radi, umeme ukakatika katikati ya kazi. Pampu ikasimama, ndani ya desiketa kuna vakyumu, nje kuna hewa inasukuma, mafuta yakapanda kupitia pampu, yakapita kwenye mpira, yakamwagikia sampuli za mama mmoja wa shahada ya uzamili, unga wa majani ya parachichi alioukusanya miezi minne. Alikaa kwenye stuli akayaangalia tu. Pampu za kisasa zina vali ya kuzuia mafuta kurudi, ya kwetu ilikuwa nayo, imekwama kwa uchafu wa mafuta yale yale machafu. Na haikuishia hapo, umeme ukarudi baada ya dakika ishirini, pampu ikiwa imejaa mafuta chumba chote ikajaribu kuzunguka, mafuta hayabaniki kama hewa, ikapiga brika. Bahati veni hazikuvunjika. Kwa hiyo siku hizi umeme ukikatika tu, kabla hata ya kutafuta tochi, mkono wa kwanza unafunga koki ya kwenye mpira, wa pili unafungua hewa upande wa pampu, halafu swichi inazimwa ili isije ikajiwasha yenyewe mtu kainama pale. Hata kuzima kwa kawaida ni mpangilio huo huo, tenga kazi yako, pampu ipe hewa, ndiyo uzime. Nimekaa nikachora mshale kwa maka kwenye kila koki.

Ile pampu yetu ya umeme wa fesi tatu tuliihamisha chumba, fundi umeme akaunganisha waya, pampu ikazunguka kinyume, ikapuliza mafuta kwenda kwenye mpira badala ya kuvuta. Sekunde mbili tu lakini ukuta umeshachafuka. Kuna mshale kwenye mota, angalieni mshale kabla hamjaunganisha mpira wowote, siongezi neno.

Ekzosi ndiyo watu wanaisahau kabisa kwa sababu haionekani inafanya kitu. Inatoa ukungu wa mafuta, na inatoa kila ulichokivuta. Juni na Julai Mbeya ni baridi kweli, asubuhi labu unakuta nyuzi 8, mafuta yamekuwa mazito kama asali mpaka mota inanguruma haiondoki, kitabu cha pampu yetu kinasema chumba kiwe nyuzi 12 kwenda juu, kwa hiyo tunasubiri jua au tunaiwasha mlango wa kuvutia uko wazi mpaka ilegee. Sasa baridi hiyo hiyo inafanya wanafunzi wafunge madirisha yote. Siku moja naingia nakuta watu wanne wameshika vichwa, wanasema ni malaria. Ekzosi ilikuwa inapulizia heksini chini ya meza, na heksini ni nzito kuliko hewa inatambaa sakafuni, na meza ya pili kuna mtu kawasha bansena, kile kijiko cha gesi cha labu, anachemsha maji. Nilizima ile bansena kwanza, ndiyo nikafungua madirisha, ndiyo nikaanza kufoka. Sasa hivi kila pampu ina mpira wa ekzosi unaoingia kwenye kabati la kuvutia moshi, na kuna kichupa cha kukingia matone njiani, maana ukipandisha mpira juu bila kichupa yale mafuta yanayoganda humo yanarudi kwenye pampu. Na mpira usipinde ukaziba, pampu iliyozibwa pua ya kutolea inajaza presha ndani ya tanki lake.

Mafuta ya dogo tulijaza kwenye galoni la lita tano, nikaandika kwa maka HEKSINI + PARETO, tarehe, USIGUSE. Nikaliweka kwenye sinia nyuma ya mlango wa stoo pamoja na mengine mawili yanayosubiri kuchukuliwa na watu wa taka hatarishi. Mzee wa stoo akaja jioni kaniambia, "Mwanangu, hiyo oili chafu si unitupie mimi, nina nguzo za uzio kule Uyole mchwa wananimaliza." Nikamweleza kwamba humo kuna heksini na kuna vitu vingine vya miaka mingi ambavyo hata mimi siwezi kuviapia, na kuku wake wanachokoa pale pale chini ya nguzo. Akalitazama lile galoni, akasoma kwa sauti, "Pareto," akasema si ndiyo dawa ya wadudu yenyewe hiyo, sasa unaninyima nini. Tumebishana mpaka geti linafungwa. Asubuhi yake nikahamishia galoni kwenye kabati lenye kufuli.